Zulia la Mzee Kalmurza

Asubuhi, jua likianza kuchungulia juu ya milima ya At-Bashy, Zuurakan Toktosunova anavua glavu na kuupenyeza mkono mtupu kwapani mwa farasi mzee wa kijivu. Anautuliza humo, kichwa kimeinama, kama anayesikiliza mlangoni. Baridi ni nyuzi thelathini chini ya sifuri, na kope za mwandishi zimeanza kugandana.

"Moto," anasema. "Njoo uguse mwenyewe."

Ni moto kweli. Na juu ya mgongo huohuo, theluji iliyoanguka jana imelala vilevile, haijayeyuka hata punje. Farasi amelifungia joto lake lote ndani. Hata sisi tuliozaliwa na baridi hii tunaduwaa: mnyama asiye na jiko wala paa, anayekula nyasi kavu tu, anatembea na tanuri tumboni.

Zuurakan, mwenye umri wa miaka 56, anachunga farasi arobaini na kitu wa kijiji kila majira ya baridi. Kazi hiyo aliirithi kwa mumewe, Asek, alipovunjika nyonga. Malipo ni som mia tano kwa farasi kwa mwezi, au gunia la unga kwa asiye na fedha.

Swali analoulizwa kuliko yote ni moja: farasi afunikwe, asifunikwe?

"Baridi ikizidi wananijia na mablanketi," anasema. "Wanaotetemeka ni wao, wanadhani ni farasi. Manyoya yake yakisimama yanashika hewa yenye joto. Ukimtupia blanketi umeyalaza. Umemvua koti ukamvisha shuka!"

Wiki iliyopita alikuja Mzee Kalmurza, mjane wa miaka 81, akiburuta juu ya theluji zulia zito la sufu iliyoshindiliwa. Marehemu mkewe ndiye aliyelishindilia, na ndilo analolalia mzee. Alitaka afunikwe Bozjorgo, farasi wake pekee, huyu huyu wa kijivu, ambaye meno yamebaki machache. Magoti ya mzee yamekataa kazi. Bila Bozjorgo hafiki dukani wala makaburini, atabaki kutazama dirisha.

"Mfunike, mwanangu."

"Simfuniki, baba. Baridi ni kavu, na ana manyoya kukushinda wewe."

"Una moyo wa jiwe."

"Na wewe utalalia nini?"

Mzee alilikunja zulia mbele ya watu waliokuja kuteka maji, akaondoka bila kuaga.

Siku ya tatu, hewa ikageuka. Adhuhuri ulivuma upepo wa joto kutoka bondeni, ikanyesha mvua iliyochanganyika na theluji. Manyoya ya farasi yakalala, yakaloa hadi ngozini. Wale farasi vijana waliupa upepo makalio, wakajitikisa, wakaendelea kuparura theluji wapate nyasi. Bozjorgo alisimama kichwa chini, mbavu zinamcheza. Zuurakan alimshika masikio, akayakuta ya baridi hadi kwenye shina. Upande wa kaskazini mawingu yalikuwa yanapasuka. Jua likizama, kila kilicholoa kingeganda.

"Niliogopa," anasema. "Baridi kavu anaiweza. Aliyeloa ni kama mtu aliyetoka nje uchi."

Kijiji kizima kilikuwa kimemsikia akikataa. Zuurakan akamfunga Bozjorgo zizini, akashika njia ya nyumbani kwa mzee. Jirani wa mzee, Ulanbek, ambaye mdomo wake haulali, alikuwa langoni.

"Dada Zuurakan! Vipi, baridi kavu imeloa?"

"Imeloa. Beba nyasi uje zizini, huo mdomo nao upate kazi."

Mzee Kalmurza alifungua mlango kabla hajagonga. Zulia lilikuwa nyuma yake, limekunjwa, limefungwa kamba. Alikwisha kulitoa kitandani.

"Baba, zulia nililolikataa..."

"Shika upande ule," alisema mzee. "Zito hilo."

Zizini mzee alitaka kulitupa zulia mgongoni papo hapo. Zuurakan akamzuia, maana farasi aliyeloa akifunikwa anafungiwa na maji yake. Wakamsugua kwa mafungu ya nyasi kavu, watatu wao, hadi mikono ikafa ganzi. Kisha wakamtandika nyasi mgongoni hewa ipite, zulia likaja juu, wakalikaza kwa kamba. Wakamwekea chakula tele.

Kulipokucha mzee alitangulia zizini. Zulia lote lilikuwa jeupe kwa barafu.

"Ameganda!" alilia. "Zuurakan, ameganda!"

Zuurakan aliingiza mkono chini ya zulia, kisha akauchukua mkono wa mzee, akauingiza pia. Kukavu. Kuna joto la kitandani. Usiku kucha Bozjorgo aliyasukuma maji kwa joto lake mwenyewe, yakapita kwenye nyasi, yakapita kwenye sufu, yakaenda kuganda huko nje. Farasi wa zaidi ya miaka ishirini! Mzee aliuacha mkono humo muda mrefu, akalia waziwazi. Hakuna aliyemcheka, hata Ulanbek.

Mbingu ilikuwa safi, na Zuurakan akaanza kufungua kamba.

"Liache hata leo," mzee alisihi.

"Koti lake limekauka, baba. Mwache alivae."

Ndiyo maana leo theluji imelala salama mgongoni mwa Bozjorgo. Zuurakan ameshaomba sufu kwa majirani. Kondoo wakinyolewa majira ya kuchipua, atashindilia zulia la farasi, likae zizini kwa siku za mvua kama ile.

"Nataka mzee ampande tena kwenda malisho ya kiangazi," anasema. "Na zulia lake libaki kitandani."

"Limesharudi kitandani," anadakia Mzee Kalmurza, ameegemea uzio. "Linanuka farasi, nyumba nzima!"

"Nikufulie basi, baba?"

"Thubutu! Sijalala usingizi kama huu tangu marehemu aondoke."