Mlango wa Bi Hadija

Mwanakombo binti Hassani, Mungu amrehemu, alichekesha nchi nzima kwa sauti isiyokuwa yake. Sauti ile ilikuwa ya mama yake mzazi, Bi Hadija wa Mahurunga. Aliichukua bila kuiomba.

Kuchekesha alijifunzia msibani. Alikuwa na miaka minane baba yake, Hassani fundi seremala, alipofariki. Kwao msiba usio na mtani haujakamilika, na Wamakonde watani wao ni Wamakua. Basi alikuja Bi Rozalia, Mmakua, Mkristo, mke wa mwalimu wa shule. Alivaa koti la marehemu, akachomeka penseli sikioni, akazunguka uani akikohoa kikohozi kile kile cha Hassani huku akiwapima waombolezaji kwa futi kamba.

"Wewe tumbo limezidi inchi nne," alimwambia imamu. "Mlango wangu hupiti!"

Waliokuwa wakilia wakacheka machozi yangali yakiwatiririka. Mwanakombo alimwona baba yake amerudi kwa kitambo kidogo, kisha akaondoka tena. Tangu siku hiyo hakuona kazi nyingine duniani iliyoishinda ile.

Lakini utani una mipaka yake. Mtani humwiga mtani wake, wala haombi radhi. Mtoto hamwigi mama yake mbele za watu. Hilo kila mtu Mahurunga alilijua, na Mwanakombo pia alilijua.

Ilipotoka amri ya kuhamia kijiji cha ujamaa, watu waliteremsha masufuria, wakafunga kuku miguu, wakajitwika mikeka. Bi Hadija aling'oa mlango. Ulikuwa wa mninga, mzito, mumewe aliuchonga mwaka waliooana. Alijitwika kichwani kutoka nyumba yake ya kule bondeni karibu na mto mpaka kwenye viwanja vipya, akautua mbele ya kamati na kuukalia.

"Bi Hadija," mwenyekiti akamwuliza, "mlango huo, na nyumba i wapi?"

"Sina neno mie," akajibu, "ila nyumba si mlisema mtajenga ninyi? Mlango nishakuja nao. Nakusubirini."

Ndivyo alivyosema siku zote. Alianza na "Sina neno mie, ila," na baada ya hiyo "ila" ungeweza kupika maharage yakaiva hajamaliza. Watu walicheka sana siku ile. Walichosahau ni kwamba kaburi la mumewe lilikuwa hatua ishirini kutoka ile nyumba ya zamani, na kaburi halibebeki. Mwanakombo hakusahau, kwa kuwa alitembea nyuma ya mama yake njia nzima na alimsikia akiongea na mlango.

Kijijini palikuwa na darasa la watu wazima na kikundi cha maigizo. Mwanakombo aliigiza viboko walao mpunga, akaigiza bwana shamba, akaigiza na mbu. Sikukuu moja ya Saba Saba kikundi kilikwenda Mtwara mjini, na hapo mtu wa redio aliyeitwa Stefano akamwona. Mwezi haukuisha akaitwa Dar es Salaam.

Ulikuwa mchezo wa kila Jumatano jioni, wa kuhimiza watu kisomo na maendeleo. Alipewa nafasi ya Bi Tabu, mwanamke mbishi anayepinga kila jambo. Mara ya kwanza alisimama mbele ya maikrofoni. Stefano, nyuma ya kioo, alimpungia mkono: anza. Maandishi yalisema tu, "Bi Tabu anakataa." Mwanakombo akafumba macho, akatafuta sauti, na iliyomjia ni moja.

"Sina neno mie, ila..."

Fundi wa mitambo alicheka hadi akaharibu mkanda, ikabidi warudie. Mwaka haukupita watoto wa shule kutoka Mtwara hadi Mwanza wakawa wanajibu walimu wao kwa maneno hayo.

Kule Mahurunga redio ilikuwa moja, ya ofisi ya chama, na watu waliizunguka wote pamoja. Mwanzoni Bi Hadija mwenyewe alicheka. "Mtoto huyu ana wazimu," alisema, akimenya muhogo wake. Lakini ikafika Jumatano moja kisa kimepungua, Stefano anataka kipya kabla ya saa sita mchana, na Mwanakombo akatoa kile cha mlango. Bi Tabu alihamia kijijini na mlango kichwani, akajikwaa, akauangukia, akaukalia. Nchi ilicheka. Pale ofisi ya chama watu walimgeukia Bi Hadija, mmoja akapiga kelele: "Bi Tabu, nyumba i wapi?"

Bi Hadija alikusanya muhogo wake, akaondoka.

Wiki mbili baadaye ikaja barua ya Amina, mdogo wake Mwanakombo aliyekaa na mama yao. Iliandikwa: "Nimemwuliza mama kama ana la kukwambia. Anasema hana neno."

Mwanakombo aligeuza karatasi kutafuta yaliyobaki. Nyuma palikuwa patupu.

Alirudi nyumbani mara tatu katika miaka minne. Kila mara mama alimpokea, akampikia, akamtandikia.

"Umeshiba?"

"Nimeshiba, mama."

"Haya."

Basi. Alipiga magoti, akaomba radhi. Mama akamshika mkono, akamwinua, akamwambia hana neno. Mtu mwingine angesema amesamehewa. Mwanakombo alijua hajasamehewa, kwa sababu alikuwa akisubiri "ila" nayo haikuja. Aliiomba kwa Mungu kila sala, kama watu wanavyoomba mvua.

Kisha ikatakiwa Bi Tabu atengenezewe filamu, na Stefano akapewa kazi ya kuiongoza. Walikuja kuipigia Mahurunga kwenyewe. Stefano alitaka mlango wa kweli. Amina akatumwa kwa mama kuuomba. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaufunga mlango huohuo taratibu, yeye akiwa ndani. Wakaazima mlango wa shule.

Katika maandishi Bi Tabu alipaswa kuanguka nao. Mwanakombo aliubeba mgongoni, akafika mahali pa kuanguka, asianguke. Aliutua, akauegemeza kwenye mkorosho, akaufuta vumbi kwa ncha ya kanga.

"Aliyeuchonga," alisema, "nimemwacha kule peke yake."

"Hilo halimo!" Stefano akapiga kelele.

"Basi likate, kaka."

Hakulikata.

Filamu ilipokamilika, gari la sinema lilianzia Mahurunga, na Mwanakombo alikuja nalo. Kitambaa cheupe kilitundikwa kwenye ukuta wa ghala la korosho. Bi Hadija aliketi mstari wa mbele na mkeka wake. Watu walicheka, walicheka, mpaka mlango ulipoegemezwa kwenye mkorosho. Bi Hadija akainuka, akakunja mkeka, akapita mbele ya taa ya sinema kivuli chake kikijaa kitambaa kizima, akaenda zake.

Asubuhi alimpa binti yake uji. Mwanakombo akaenda na gari kijiji cha Ziwani kwa siku mbili, akijipa moyo kwamba akirudi atamwuliza juu ya filamu. Siku ya pili akafuatwa kwa baiskeli. Mama alianguka akichota maji. Alipofika Mahurunga, wanawake walikuwa wameshamaliza kumwosha.

Mwanakombo aliketi kando ya ukuta kama mzigo ulioachwa. Hakulia. Miaka minne alisubiri neno moja, na sasa mwenye neno amefungwa sanda.

Jeneza lilipotolewa, njia ilizibwa. Bi Rozalia, mzee sasa, alikuwa ameung'oa mlango wa mninga, ameulaza penye kutokea uani, ameukalia, kanga ya marehemu kichwani.

"Bi Rozalia," alisihi imamu, "maiti haicheleweshwi."

"Alikwisha kuchelewa tangu alipoolewa na fundi. Ngoja!" Kisha akakunja uso, akavuta midomo, na sauti iliyotoka iliwasimamisha watu wote. "Sina neno mie, ila..."

Mwanakombo akainua kichwa.

"Ila huyu binti yangu amebeba mlango vibaya! Kaubeba mgongoni kama gunia. Mlango hubebwa kichwani, komeo mbele. Komeo nyuma, unaita wezi! Na kanga ile aliyonivalisha, nani kamwambia mie nina kanga mbovu vile? Angekuja kuniuliza. Nyumba si anaijua?"

Kicheko kililipuka uani. Bi Rozalia hakucheka. Alimtazama Mwanakombo, akaongea sasa kwa sauti yake mwenyewe.

"Alikuja kwangu asubuhi uliyokwenda Ziwani. Akaniambia, 'Mtani, mie kumwambia mwenyewe siwezi, nitalia. Siku yangu ikifika mwambie wewe. Mwambie pale kwenye mkorosho alipatia.' Na ruhusa ya kumwiga katoa. Sipishi mpaka nimsikie mwenyewe akiomba njia, kwa kinywa chako."

Mwanakombo alisimama. Aliona haya, mbele ya imamu, mbele ya kijiji, mbele ya jeneza. Akavuta midomo kama mama yake alivyoivuta.

"Sina neno mie," alisema, na sauti ikakatika, ikarudi, "ila pisheni. Mume wangu ananingoja."

Bi Rozalia akainuka. Wanaume wakapita na jeneza, wakashika njia ya bondeni. Mwanakombo akauinua mlango, akajitwika kichwani, komeo mbele, akaurudisha mahali pake. Hapo ndipo alipolia.