Mashine ya Kahawa Niliyomtengenezea Mama

Mkono wa kulia wa mama yangu ulikuwa umekufa miezi minane.

Siku ulipoinuka, ulinipiga.

Nikashangilia kama mwehu. Nitaieleza hivyo hivyo ilivyokuwa, maana nimeibeba tangu mwaka 2001 na sijapata mtu wa kunitua.

Naitwa Hashimu. Fundi pampu na mashine za kusaga, Naliendele, pembeni ya Mtwara mjini. Enzi hizo nilikuwa najiona, wacha niseme ukweli. Mashine ikinishinda mimi, basi imeushinda mkoa. Ndivyo nilivyotamba kijiweni, na hakuna aliyenibishia.

Mama yangu, Bi Somoe, alipigwa na kiharusi mwaka 2000, mwezi wa kumi. Upande wa kulia ukalala wote. Sauti ikakata.

Yaani mtu aliyekuwa akigombana na nusu ya mtaa kabla hajanywa chai, sasa anageuzwa kitandani na kulishwa uji kwa kijiko. Iliniuma sana. Mimi ni mtoto wake pekee.

Jirani yetu alikuwa nesi mmoja, Witness, mtu wa Kagera. Jioni akitoka kazini alipita kumnyoosha mama viungo.

Siku moja akaniita pembeni.

"Baba, nisikufiche. Huu mkono usipoanza kusogea ndani ya mwaka, msahau. Mtafutie kazi aliyoizoea. Mkono nao unakumbuka."

Kazi aliyoizoea. Nikajua palepale.

Chini ya kitanda cha mama kulikuwa na mashine ya kahawa ya Wataliani. Miaka ya sabini walikuja mafundi kufunga mitambo ya kiwanda cha korosho, na mama akapata kazi ya kuwapikia kahawa kwenye nyumba yao ya wageni. Ilikuwa mashine ya mkono. Unaushusha mpini kwa nguvu, springi inajikaza, ukiuachia unapanda wenyewe taratibu huku maji ya moto yanasukumwa kwenye kahawa. Mama aliushusha mpini ule miaka sita. Walipoondoka wakamwachia kama zawadi.

Nikaivuta kutoka uvunguni. Vumbi, kutu, na kiota cha panya.

Mama akaikazia macho. Hakuyaondoa.

"Umeona?" nikamwambia mke wangu Sabra. "Anaitaka."

"Au anashangaa tu," Sabra akasema.

Nilishaamua.

Ndugu zangu, mashine ile ilinitoa jasho. Ndani ya tangi chokaa ilikuwa imeganda kama ukuta. Nikachemsha maji ya ndimu siku tatu, nikakwangua kwa msumari. Springi nikaisugua kwa mchanga na majivu mpaka ikarudisha rangi. Kipasha moto chake cha umeme kilikuwa kimekufa kitambo, nikatengeneza kigoda cha chuma ili tangi likae juu ya jiko la mkaa.

Ikabaki raba tu. Ile raba ya duara inayozuia maji pale mpini unaposukuma.

Nikakata ya tairi la lori. Inavuja. Nikakata ya kandambili, ikayeyuka. Nikajaribu ngozi ya mbuzi, siku ya kwanza safi, ya pili imekakamaa kama biskuti. Jamaa yangu alikuwa anakwenda Dar, nikampa ile ya zamani akanitafutie Kariakoo. Akaniletea salamu tu. Walimcheka.

Mwezi wa tano ukaisha. Mama alizidi kukonda, na mkono ulizidi kupoa. Niliukanda kila asubuhi, nikiuachia unaanguka kama si wake.

Halafu nikapata akili. Afadhali nisingeipata.

Kwetu huku mafuta ya maganda ya korosho ni dawa ya mambo mengi. Tunapaka nguzo za nyumba mchwa wasile. Ukiyapika yanageuka meusi na kuganda, maji hayapiti. Nikaichovya ile ngozi ya mbuzi, nikaipika kwenye kikaango, nikaifunga kwenye mashine.

Sabra alinikuta uani.

"Baba Saida, mafuta ya ganda? Kwenye kitu cha kunywa?"

"Yakishaungua ni lami tu. Lami inakuchubua wewe?"

"Lakini vidole vyako si vimeanza kutoka ngozi?"

Nikaviangalia. Kweli vilikuwa vinabanduka. Nikacheka. Jamani, sisi tumezaliwa kwenye mikorosho. Kila msimu wa kubangua, mji mzima vidole vinabanduka. Nani anahesabu hilo kuwa ugonjwa?

Nikaijaribu kwa maji matupu. Haikuvuja hata tone. Nikayamwaga yale maji, nikaruka juu kwa furaha.

Jumapili asubuhi nikaiingiza chumbani. Sabra alikuwa amekaanga kahawa ya Mbinga na kuitwanga. Nikamwegemeza mama kwenye mito, nikaufunga mkono wake kwenye mpini kwa kitambaa, nikaweka wangu juu yake.

"Haya mama. Kama zamani."

Tukashusha. Mpini ukapanda taratibu, kahawa ikashuka nyeusi na povu lake. Harufu ikajaa nyumba. Mkono wake ulikuwa umelala tu chini ya wangu, lakini nikajipa moyo kwamba ndiyo kwanza tunaanza.

Nikaufungua kitambaa. Nikajaza vikombe viwili.

"Onja kwanza wewe," Sabra akasema.

"Nimtangulie mama yangu? Wewe ulilelewa wapi?"

Nikamnywesha. Funda la kwanza, la pili, la tatu. Macho yakamtoka, machozi yakatiririka. Nikasema moyoni, maskini, anakumbuka ujana wake. Na mimi nikalengwa na machozi.

Nikachukua kikombe changu. Nikapuliza. Nikakipeleka mdomoni.

Pa!

Kikombe kikaruka mpaka ukutani. Sikuelewa kimetokea nini mpaka nilipouona mkono wa kulia wa mama uko hewani, unatetemeka, halafu ukaanguka kifuani kwake.

"Mkono! Mkono umeinuka!"

Nikatoka mbio mpaka barabarani, nikarudi. Jirani yetu Bi Mwanaisha akaingia na unga mikononi.

"Kha! Nkono wa Somoe! Shoga yangu, Nngu nkubwa!"

Akapiga vigelegele. Wakaja na wengine. Chumba kikajaa. Na mimi, fundi mkuu, nikasema dawa ikikubali huongezwa.

Nikamjazia mama kikombe cha pili.

Akayabana meno. Nikamtania: "Acha ubishi bwana, umeanza kupona umeanza na ukorofi?" Watu wakacheka. Nikampapasa shavu kama tunavyowafanyia watoto, mdomo ukafunguka, nikamimina. Nyingine ikamtiririkia kidevuni mpaka shingoni.

Alikimaliza. Watu walipiga makofi.

Alasiri Sabra akaenda kumsafisha. Akaniita kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia tena.

Kila mahali ile kahawa ilipopita, kidevuni, shingoni, ngozi ilikuwa imevimba malengelenge. Nikaufungua mdomo wake. Ndani ulimi na kaakaa vilikuwa vimebabuka vyote.

"Hii ni ganda, Baba Saida," Sabra akasema. "Hii ni ganda."

Nikakaa chini. Moto wa mkaa ulikuwa umekausha mafuta kwa nje tu. Ndani ya ngozi ya mbuzi yalikuwa mabichi, na kila tulipoushusha mpini, maji ya moto yaliyakamua.

Hospitali wakamtundikia dripu. Koo lilikuwa limevimba, hata mate yalimshinda. Siku ya nne Witness akaja wodini, akavuta kiti, akamwinamia mama.

"Bibi, nisikie. Ndiyo, fumba macho mara moja. Hapana, mara mbili. Wewe ni Somoe?"

Mara moja.

"Mimi Witness ni mwanao?"

Mara mbili. Na kona ya mdomo ikacheza kidogo, kama anataka kucheka.

Akili zake zote zilikuwemo humo ndani. Miezi minane tulikuwa tunamsemea, hata mimi, hata Witness mwenyewe, na hakuna aliyefikiria kumuuliza.

Witness akanipisha kiti.

"Mama, uliijua ile kahawa kuwa ina ganda?"

Mara moja.

"Uliponipiga, ulikuwa unanizuia nisinywe?"

Mara moja.

"Na kile kikombe cha pili, ulikuwa unakitaka?"

Mara mbili. Taratibu, nisije nikakosea kuhesabu.

Nililia mle kwenye wodi ya wanawake bila aibu. Kengele ya kuondoa wageni ikalia. Nikamshika ule mkono, nikauliza la mwisho.

"Umenisamehe?"

Akafumba macho.

Nikasubiri ayafumbue, nijue ni moja au ndiyo anaelekea mbili. Hakuyafumbua. Alikuwa anapumua tu. Witness akanigusa bega: "Amelala, Baba. Utamuuliza kesho."

Alfajiri Sabra, aliyelala naye, akatuma mtu. Bi Somoe hakuamka.

Wapo wanaoniambia lile lilikuwa jibu, tena jibu jema. Mimi sijui. Nimelihesabu zaidi ya miaka kumi, na bado sijui.

Wewe unayesoma, kama kwenu yupo mgonjwa asiyesema, msitangulie kumsemea mnadhani ndiyo mapenzi. Muulizeni leo, kwa macho, kwa kidole, kwa chochote kinachosogea, halafu mkae kimya mpaka amalize kujibu. Mimi nilikuwa fundi hodari sana, na hilo halikunijia kichwani.