Piko la Shangazi Taiba

Mji mzima wa Shendi, hapa Sudan, unamjua Sittana, fundi wa hina. Hataki unga wa pakiti. Majani ananunua kwa wakulima wa kando ya Nile, anayaanika kivulini, anayatwanga, anayachekecha kwa kitambaa. Bibi harusi humpaka siku tatu, kila siku akimkausha kwa moshi wa mgunga, mpaka rangi ikolee yenyewe.

Mwaka juzi alimpaka Rawda, binti wa jirani yetu. Siku ya kwanza rangi ikatoka ya chungwa, kama ilivyo kawaida. Taiba, shangazi yake Rawda, akabenua mdomo.

"Ndiyo hii? Mbona kama kashika karoti!"

"Kesho itaiva, dada. Una haraka ya kwenda wapi?"

"Mtie piko basi, tumalize."

"Piko ni rangi nyeusi ya nywele. Mtoto wa watu simpaki sumu."

Sittana akaenda zake. Jioni ile Taiba akachukua hina iliyobaki bakulini, akaichanganya na piko, akampaka Rawda upya.

Asubuhi mikono ya Rawda ilikuwa imevimba, malengelenge yamefuata kila ua na kila jani la mchoro. Taiba akapiga kelele mtaa mzima: "Sittana kamuunguza mwanetu!" Na watu wakaamini! Miaka thelathini ya kazi safi, ikaoshwa kwa kelele za asubuhi moja.

Sittana alikuja bila kuitwa. Ua wa nyumba ya kina Rawda umejaa wanawake. Akaitazama mikono ile, akamgeukia Taiba.

"Taiba, hii ni hina yangu?"

"Ya nani tena?"

Sittana akamsogezea bakuli la jana. "Basi jipake. Hapa hapa, tuone sote."

Taiba akaficha mikono ndani ya shela.

Rawda ndiye aliyesema, huku analia: "Shangazi, jana ulivaa mifuko ya nailoni mikononi. Nilipokuuliza, ukasema unaogopa kuchafuka."



Rawda aliolewa akiwa na bandeji mikononi. Makovu anayo hadi leo. Taiba hajaomba radhi. Eti yale malengelenge ni husuda ya watu.

Lakini sisi je? Mama yangu asubuhi ile alikuwa ameshatuma ujumbe Sittana asije kumpaka dada yangu, aliyekuwa naye karibu kuolewa. Tulipokwenda kumwangukia, alitukaribisha vizuri, akatumiminia kahawa.

"Nimewasamehe," alisema. "Ila binti yenu mtafutieni fundi mwingine."