Mpishi aliyejibu swali la kambare

Jamani, hebu sikieni haya.

Chama cha watafiti wa samaki wa mtoni kilikutana hapa Mombasa leo, na Mama ndiye aliyepika sambusa, mimi nikimsaidia kugawa. Beji wakamwandikia hivyo hivyo: MPISHI.

Mtaalamu mmoja akatuonyesha ramani ya mto Juba. Karibu na Kismayu, kwetu, pameachwa peupe. Akasema tangu vita hakuna anayejua kambare wa pale hutaga lini.

Mama akaweka sinia chini.

"Miongo kumi baada ya Nairuzi."

Ukumbi mzima ukamgeukia. Mimi namvuta buibui kwa aibu, maana siku hizi nani anahesabu siku kumi kumi tangu mwaka wa wavuvi?

Mtaalamu akamuuliza amejuaje.

"Nalipasua kambare wa ng'onda mimi, wa kukausha kwa chumvi, hata vita vikatukimbiza. Siku hizo matumbo hujaa mayai. Zikipita, huoni kitu."

Yule bwana akachukua kalenda, akahesabu siku mia kwa kidole tangu Nairuzi, mwishoni mwa Julai. Akaangukia Novemba, mto unapofurika. Basi akakaa kitako mbele ya Mama na daftari lake, sambusa zikapoa zote.

Njiani nikamuuliza, mbona hukuwahi kutuambia haya?

"Hakuna mchu aloniuliza," akajibu kwa lahaja ya kwetu.

Nyie mama zenu wanajua nini ambacho hamjawauliza? Niandikieni hapo chini.

Beji wamembadilishia: MTAALAMU, KISMAYU. Sasa hivi anaswali nayo shingoni, na mimi sithubutu kumwambia aivue.