Mgongo wa Baba Mkwe

Nilianza kukimbia nikiwa mwanamke mzima, mke wa mtu, mwenye sufuria zangu. Na nilichokuwa nakikimbia ni nyumba yangu mwenyewe. Baba mkwe akikohoa chumbani, mimi nje. Akishika fimbo aende chooni, mimi nimeshapita mlango wa nyuma, kanga kichwani, nimesimama nyuma ya mkaratusi wa jirani kama mwizi wa kuku. Mvua ya Mbeya inanyesha, ugali uko motoni, nami nimesimama. Ugali uliungua mara ngapi! Tangu utoto mimi si mtu wa kutulia, mama alizoea kusema nimezaliwa na sisimizi miguuni. Lakini zamani nilihangaika kwa kupenda mwenyewe. Sasa nilikuwa nahangaishwa na kikohozi cha mzee.

Niseme wazi jambo lenyewe. Mimi ni Mhehe wa Iringa. Mume wangu alikuwa Mnyakyusa, fundi seremala, alikuja Iringa kutengeneza madawati ya shule akaondoka na mimi. Kwa Wanyakyusa wa miaka ile ya hamsini, mke wa mtoto na baba mkwe walikuwa hawaonani. Siyo ile heshima ya kuinamisha macho, hiyo hata kwetu ipo. Hawaonani kabisa. Usikutane naye njiani, usikae naye chumba kimoja, usimsemeshe. Kule kwao milimani jambo hilo lina nafasi yake: mzee ana nyumba yake, migomba imejaa katikati, kila mtu anajua apite wapi. Sisi tulikuwa na vyumba viwili vya mjini, na ukuta wa katikati haukufika juu. Nikikoroga chai, mzee anasikia. Akigeuka kitandani, nasikia mimi.

Aliletwa na mgongo. Aliinua gunia la kahawa, kitu kikamkata kiunoni, na kesho yake hakusimama. Hospitali walimpa vidonge, wakamwambia apumzike, na mume wangu akaona apumzikie kwetu. Mzee alikubali kwa sharti moja, nililisikia kupitia ukuta siku ileile ya kwanza. Atarudi kwake kwa miguu yake. Hatabebwa. Mtu akirudishwa nyumbani amebebwa, alisema, watu wanaanza kumlilia barabarani kabla hajafika. Mibuni yake ya kahawa ilikuwa inamsubiri, na yeye badala ya kunyooka akawa anazidi kujikunja.

Kilichonitia wazimu ni kwamba dawa ninayo. Wala siyo dawa ya kubahatisha. Nilipokuwa msichana nilikaa mjini Iringa kwa shangazi yangu, na mlango wa pili alikaa bibi mmoja Mswahili, mjane, wazee wake walitoka pwani zamani. Bibi huyo alikuwa akichua watu. Nilianza kwa kumchotea maji, mara nikajikuta nashinda kwake. Alijaza majani ya mkaratusi na maji kwenye sufuria kubwa motoni, akaweka bakuli katikati, akafunika kwa mfuniko uliogeuzwa juu chini, na juu ya mfuniko akamwaga maji ya baridi. Mvuke unapanda, unagonga mfuniko, unadondokea bakulini. Juu ya maji yale huelea mafuta, kidogo tu, unayachota kwa unyoya wa kuku. Mafuta ya karafuu aliletewa na ndugu zake wa Unguja, kwenye vichupa vidogo ambavyo hakuruhusu mtu kuvigusa.

"Haya makali," alikuwa akiniambia. "Hayapakwi peke yake. Matone matatu kwa kijiko cha mafuta ya nyonyo. Ukizidisha, hujamtibu mtu, umemchoma."

Siku niliyozidisha alinichapa mwiko kwenye vidole. Nililia, na yeye akacheka, akaniambia "Kamwene", salamu ya kwetu Wahehe, kwa lafudhi yake ya pwani ili nami nicheke. Nilipoolewa alinipa vichupa viwili, kimoja cha karafuu na kimoja cha mkaratusi. Kufikia hapo mikono yangu ilikuwa imeshapita kwenye magoti na mabega ya nusu ya akina mama wa mtaa ule. Naujua mgongo wa mtu. Nikiweka kidole gumba najua panapouma kabla mwenyewe hajasema.

Halafu ati nikae upande huu wa ukuta nimsikilize mzee anaugua upande wa pili! Nilikuwa nafagia palipokwisha kufagiwa. Nilikuwa naosha vyombo safi. Mwishowe nikamshika mume wangu.

"Mchue wewe," nikamwambia. "Matone matatu ya karafuu, kijiko kimoja cha nyonyo. Pasha kidogo. Anzia kiunoni, panda juu."

"Matatu tu? Mzee mzima yule?"

"Matatu."

"Haya, daktari, nimesikia."

Alisikia kwa masikio ya kiseremala. Kwake gundi nyepesi ni kazi ya ovyo, na rangi isipokolea inarudiwa. Nilipaswa kujua. Niliishi na mtu huyo, nilimwona kila siku akipigilia misumari mitano panapotosha miwili.

Ilikuwa Jumapili, tumerudi kanisani. Nilikuwa nachagua maharage chumbani kwetu, mume wangu ameingia kwa baba yake na vichupa vyangu. Harufu ya karafuu iliyochanganywa na nyonyo ni nzito, inakuja polepole. Hii ilipita juu ya ukuta kali, ikanipiga puani hadi nikapiga chafya. Nikajua palepale. Hakuchanganya. Anammiminia mzee karafuu tupu.

Nikasimama, maharage yakamwagika. Nikafungua mdomo. Na mdomo ukabaki wazi, hakuna kilichotoka.

Nitasema ukweli, maana sina wa kumficha sasa. Wifi yangu aliniambia siku za mwanzo kabisa: mwanamke akimvunjia mzee heshima ile, hazai. Nami mwaka wa pili wa ndoa ulikuwa unakwisha na tumbo langu tupu. Nilikuwa naenda kanisani, nasali, naimba, na bado neno la wifi lilikuwa limenikaa kooni. Niliogopa. Nililihofia tumbo langu kuliko nilivyouhurumia mgongo wake. Nikatoka mlango wa nyuma. Nikarudi. Nikatoka tena, nikazunguka nyumba, nikapita chini ya dirisha lao, nikapita tena, nikiiambia miguu isimame nayo haisimami. Nilizunguka mara tatu. Mzee hakutoa sauti hata kidogo, na mimi mpumbavu nikajidanganya kwamba labda si kali hivyo.

Mara ya nne nikapiga ubao wa dirisha kwa ngumi zote mbili. "Futa! Futa na nyonyo, usitie maji! Unamchoma baba yako!"

Tulikuwa tumechelewa. Jioni mume wangu alitoka akaniambia ngozi imetoa malengelenge, mahali pa ukubwa wa kisahani, juu kidogo ya kiuno.

"Mafuta yako yamemchubua baba," akasema.

"Mafuta yangu? Au mikono yako? Nilikwambia matone mangapi?"

"Kwa nini hukusema mapema kama ulijua?"

Nilichukua ndoo nikaenda kuteka maji wakati pipa limejaa.

Zikafuata siku mbaya. Mume wangu aliweka vichupa juu ya kabati, akaapa havitashuka. Mzee akawa analala kifudifudi kwa sababu ya kidonda, na kulala hivyo kukamkaza kiuno zaidi. Sikulala wala sikula vizuri, nilikuwa natembea tu ndani ya chumba kile, hatua sita kwenda, sita kurudi. Kidonda kilipoanza kufunga, mume wangu akaingia kumwambia baba yake kwamba amezungumza na mtu wa lori linalopeleka mbao upande wa Tukuyu. Watamlaza juu ya mbao. Kule kijijini vijana watampokea na machela.

Mume wangu akatoka kwenda kwenye randa yake uani. Nami nikasikia, kupitia ukuta ule usiofika juu, baba mkwe wangu analia. Taratibu, akijizuia, kama mtu asiyejua kulia. Sijawahi kuona aibu kama ya siku ile. Ningeweza kujificha ndani ya chungu.

Nikatoka uani. Nikasimama mbele ya mume wangu, lakini uso nimeuelekeza dirishani, nikapaza sauti kana kwamba yeye ndiye kiziwi.

"Mume wangu! Mwambie baba yako kosa ni langu. Nilisikia harufu, nikanyamaza. Niliogopa. Mwambie ninayo mikono inayojua kazi hiyo, na kama atakubali kuchuliwa, hapandi lori. Kama hataki, basi, lakini asiende akidhani hapakuwa na dawa!"

"Wewe mwanamke, una kichaa?" mume wangu akanong'ona. Randa ilikuwa imemkwama mkononi.

Kuku wakaparura. Nikajiambia leo narudishwa Iringa na sanduku langu. Kisha sauti ikatoka ndani, nzito, na haikuwa ya hasira. Haikunisemesha mimi. Ilimsemesha mwanawe.

"Mwambie mkeo," ikasema, "humu ndani hakuna mtu. Kuna mgongo tu."

Mume wangu alivishusha vichupa kabatini, akaingia kwanza na jiko la mkaa. Aliponiita nikajifunika kanga kichwa kizima, nikaingia kinyumenyume, nikipapasa ukuta. Kumbe hata kujifunika sikuwa na haja. Mzee amegeukia ukutani, amejivika blanketi kichwani hadi mabegani, amejifunga kwa ndani kama mzigo. Kilichobaki nje ni mgongo. Mwembamba, umepinda upande, na lile doa bichi la waridi chini yake. Nikainua kanga hadi machoni. Nikahesabu matone matatu kwa sauti, mume wangu asikie na mgongo usikie. Nikapasha kijiko juu ya jiko. Nikaanza mbali na kidonda.

Kidole gumba kilipapata mahali penyewe mara moja. Palikuwa pamekaza kama kamba iliyonyeshewa mvua. Sikusukuma. Bibi wa Iringa alinifundisha kwamba hapo husukumi, unabisha hodi tu na kungoja. Nami, mwanamke wa sisimizi miguuni, nikangoja. Huenda ndiyo mara ya kwanza maishani mwangu kukaa mahali pamoja bila kutaka kuondoka. Mgongo ukashusha pumzi.

Nikaenda kila siku baada ya chakula cha mchana. Blanketi kichwani kwake, kanga kichwani kwangu, mume wangu amekaa mlangoni kama askari. Sikuona uso wa mzee hata siku moja, naye hakuuona wangu. Lakini niliujua mgongo ule kuliko ninavyoujua wa mume wangu. Nilijua siku aliyolala vibaya. Nilijua siku aliyokuwa na mawazo. Kila nilipomaliza nikafunga kichupa, neno moja lilitoka chini ya blanketi kuelekea ukutani: "Ndaga." Ni asante ya kwao. Aliuambia ukuta, nami niliipokea.

Wiki ya tatu alisimama wima. Ya nne akatembea hadi kwenye mkaratusi wa jirani, ikabidi mimi nitafute mti mwingine wa kujificha. Siku ya kuondoka nilisimama nyuma ya jiko la nje nikachungulia. Aliteremka kwenda kwenye basi na fimbo yake, mume wangu anamfuata na mzigo, na hakuna aliyemshika. Nilimtambua kwa nyuma. Nilitaka kupiga vigelegele, nikauma kanga. Lori la mbao likaenda na mbao zake tu.

Aliishi miaka mingine kadhaa, akilima kahawa yake. Nilimzalia mjukuu, kwa hiyo wifi yangu na maneno yake wote waliaibika. Tulipokwenda kijijini niliendelea kukimbia kama desturi inavyotaka, napita migombani, sikumwona. Kisha tukaletewa habari kwamba ameaga.

Msibani mchungaji alisema wake wa watoto nao waingie kumuaga, kwa marehemu hakuna tena kujificha. Nikaingia na mtoto mgongoni. Nikamtazama usoni kwa mara ya kwanza. Alikuwa mzee mwenye masharubu meupe na kovu dogo kwenye nyusi. Sikumjua. Jamani, sikumjua kabisa! Nilisimama pale natafuta huzuni siipati, naona mzee wa watu, mgeni. Wanawake wenzangu wanalia, wifi ananibinya mkono: "Lia basi, watu wanakuangalia." Nikaona haya, nikataka kutoka. Miguu ilikuwa imeshaanza kwenda.

Wanaume wakaja kumhamishia kwenye jeneza alilolitengeneza mume wangu mwenyewe. Wakamgeuza ubavu ili wapitishe mikono, shuka likateleza. Juu kidogo ya kiuno, ukubwa wa kisahani, ngozi nyeusi inayong'aa.

"Huyu namjua," nikasema kwa sauti, nyumba nzima ikanigeukia.

Mume wangu aliyekuwa ameshika mabega akaliona lile doa na yeye. Tukatazamana juu ya mgongo ule. Nikakaa chini palepale sakafuni, nikalia mpaka wakaja kuniondolea mtoto mgongoni.