Majina Ndani ya Kasha

Mwalimu wa bendi anaongea kwa kufoka, na vidole vyake havitulii; vinabonyeza hewani kama vinapiga tarumbeta hata akiwa mikono mitupu. Miaka yote Cleophus, mfagiaji wa shule hii ya Ohio, amemsikia akiwakemea watoto: "Nani tena kaandika jina lake ndani ya kasha la tarumbeta? Hii mali ya shule, siyo ukuta wa choo!" Sasa shule imefuta somo la muziki moja kwa moja, na leo lori limekuja kubeba vyombo vya muziki. Mwalimu anafungua kasha mojamoja, anasoma majina, midomo ikicheza.

"Kaka, lori linangoja," Cleophus anamtania. "Au unatafuta wa kumfokea?"

Mwalimu hacheki. Kwenye kasha la mwisho anachomoa kalamu, anaandika jina lake chini ya yale ya watoto, anafunga taratibu. Vidole vimetulia.