Mama Buti Anausoma Mlima Kwenye Soli

Saa mbili asubuhi jua bado halijafika kwenye geti la hifadhi, lakini Mama Buti ameshapanga jozi ishirini na sita za buti kwenye ubao mrefu mbele ya kibanda chake. Ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mkono mmoja umezama ndani ya buti, wa pili unasugua kwa brashi ya kufulia.

Wageni wanaokuja kupanda mlima bila viatu vya maana hukodi kwake. Yeye hawaulizi wanavaa namba gani. Huwatazama wanavyosimama, kisha hunyoosha mkono ubaoni.

“Watu wanadanganya namba,” anasema. “Wanawake wanapunguza, wanaume wanaongeza. Mguu wenyewe haujui uongo.”

Kwa miaka kumi na saba buti zake zimefika kila pembe ya mlima. Yeye hajawahi kuvuka geti. Mwanzoni alikuwa na mtoto wa pili mgongoni, baadaye mume akafariki, na kibanda hakikuwa na wa kukiangalia. Mlima anaujua kwa soli tu. Udongo mwekundu ni wa msituni, kwenye maporomoko ya maji na lile pango ambamo watu wa zamani walificha mifugo yao. Tope jeusi ni la uwanda wa nyasi, huko juu miti inapoishia. Changarawe ya kijivu ni ya kibanda cha mwisho, wanakolala watu kabla ya kukitafuta kilele.

“Mgeni akirudi akijisifu kafika juu, namwambia hongera. Akishaondoka nageuza buti,” anasema, na kicheko kinamponyoka. “Siri zao ninazo nyingi.”

Leo hana utulivu. Buti ile ile moja ameisugua mara tatu.

Jana binti yake, kifungua mimba wake mwenye miaka ishirini na tatu, aliingia kwenye mtihani wa njia, ule wa kuwa mwongozaji wa wageni. Anatakiwa kuwafikisha wageni watatu kwenye kibanda cha mwisho, walale huko, awarudishe leo alasiri. Mwongozaji mkuu anawafuata nyuma bila kusema neno. Mwaka jana binti alipotea kwenye ukungu, akafeli. Hifadhi haitoi nafasi ya tatu.

“Nilimfunga kamba za buti mwenyewe, kama alipokuwa darasa la kwanza,” anasema mama. “Akaninong’oneza, mama, wageni wanatuona. Nikamwambia waache waone.”

Saa tano kasoro anainua kichwa, na brashi inamtoka mkononi. Kundi linatoka msituni, saa nne kabla ya wakati. Mgeni mmoja, mwanamke wa makamo, anatembea ameegemea bega la binti.

Binti anamketisha mgeni kwenye benchi, anamfunika koti lake, anampa maji. Ndipo anakuja kukaa chini kando ya mama yake na kunyoosha miguu. Mama anamshika mguu. Anamvua buti moja, anaigeuza. Nyekundu ipo. Nyeusi ipo. Anapitisha kidole kwenye mifereji ya soli, taratibu, hadi kisigino.

“Usiitafute hiyo ya kijivu, mama,” binti anasema. “Hatukufika.”

Anaeleza kwa sauti ya chini. Jana jioni, ikibaki nusu saa tu, mgeni yule alianza kutapika na maneno yakawa yanamgongana mdomoni, dalili kwamba hewa ya juu imemshinda. Wenzake walisema apumzike kidogo kisha wasonge, kwani paa la kibanda lilikuwa linaonekana. Binti alilitazama lile paa. Alijua akigeuka anaacha nini. Akageuka, akawashusha wote hadi kibanda cha kulala kilicho chini zaidi, na huko mgeni akaanza kupata nafuu.

Mwongozaji mkuu anafika akichechemea, anaegemeza fimbo yake kwenye ubao. Mama Buti anapiga moyo konde na kumuuliza kama mwanawe ndiyo basi tena.

“Dada, njia kila mtu anajifunza,” mzee anajibu. “Kuwageuza watu paa wanaliona, hiyo wengi hawawezi. Mimi mara yangu ya kwanza sikuweza.” Anageuza macho mlimani. “Jumatatu aje kuchukua beji.”

Mama Buti anajikaza kisabuni. Anaokota brashi na kuendelea na kazi, ila brashi inasugua hewa.

Mvua zikiisha, mwezi ujao, binti ataongoza safari yake ya kwanza, na mgeni atakuwa mmoja tu. Muuza maji wa jirani ameshakubali kukaa kibandani siku mbili za safari. Kilichobaki ni viatu.

“Mimi navaa thelathini na saba,” mama anasema, akisimama wima mbele ya ubao wake mwenyewe.

Binti anamtazama miguuni. Kisha ananyoosha mkono, anachukua thelathini na tisa, na kupiga magoti amfunge kamba.